Haron Anapanda Ngazi

Jumatatu, 7 Septemba 2009
Leo nimempiga Nanjala poke tena kwa Facebook, kile kidole cha kumchokoza mtu. Hajarudisha! Yeye yuko mapokezi orofa ya tatu, mimi karani wa bima orofa ya pili, na bado tunaishi kama watu wa nchi mbili. Odero, jirani yangu wa dawati, anasema mwanamke hapigwi poke kama kengele ya shule, anasalimiwa. Odero ajue nini? Jana aliandika "Niaje wasee, njaa imenishika," basi, na komenti zikamiminika. Nanjala mwenyewe akaandika "Pole, hahaha." Mimi niliandika Kiingereza cha kamusi kuhusu mapenzi na nyota. Komenti moja. Ya Odero. Ameuliza kama naumwa.

Jumanne, 8 Septemba
Nimepata dawa. Wivu! Saa ya lunch nimeshuka cyber ya hapo chini, nikabadilisha hali ya uhusiano kwa Facebook, nikaweka kwamba nina mchumba. Jina la mchumba sikuweka. Sina. Kufika jioni, pongezi tele. Nanjala ameandika "Hongera, Haron." Na nukta. Hiyo nukta ina uchungu, naijua.

Alhamisi, 10 Septemba
Ole wangu! Shangazi Wamucii, yule wa Marekani, ameuona huo uchumba. Amempigia Mama simu. Mama hana Facebook lakini ana kanisa, na kanisa letu la Mutuini lina mbio kuliko Facebook. Jumamosi akina mama wote wanakuja nyumbani kumwona bibi arusi. Jogoo wawili wameshahukumiwa. Mama anaimba jikoni. Tangu tumzike Baba sijamsikia akiimba. Nilitaka kumwambia ukweli, nikaishia kumnolea kisu cha jogoo.

Ijumaa, 11 Septemba
Nimemwandikia Nanjala ujumbe wa siri. Kwamba nampenda. Kwamba uchumba ni uongo mtupu. Kwamba ataniokoa akikubali kuwa mchumba wangu kesho, saa nane hadi saa kumi, chapati zipo. Nikatuma, nikarudi ofisini kifua mbele. Ofisi nzima inacheka! Odero alipoweza kupumua aliniambia nimeandika ukutani kwa Nanjala, pale kila mtu anasoma. Nimekimbia kufuta. Stima hakuna. Cyber giza tupu mpaka jioni. Shetani ana kazi, jamani.

Jumamosi, 12 Septemba
Akina mama walijaa hadi uani, kila mmoja na kiondo chake. Saa nane, bibi arusi hayuko. Nilikuwa nimeanza hadithi ya malaria pale Nanjala alipoingia na sukari na unga. Moyo wangu! Akamsalimia Mama kwa mikono miwili. Akasema pole, yeye si mchumba wa mtu, ila amesoma yale ya ukutani na ameona si vizuri mama wa watu aachwe na aibu peke yake. Mama alilia. Mimi pia nililia, nyuma ya zizi. Kisha wakala jogoo, wakamwombea Nanjala apate mume mwenye akili. Nikaitikia Amina kabla ya kufikiri.
Akiondoka aliniambia mimi si mtu mbaya. Nikiwa na neno, nipande ngazi Jumatatu saa saba nimwambie kwa mdomo. Ni orofa moja tu.

Jumatatu, 14 Septemba
Nimebadilika. Kuanzia leo ni mdomo, si mtandao. Saa saba nikasimama kwenye ngazi, tai imenyooka. Lakini mwanamke wa maana huwezi kumtokea ghafla hivyo, lazima aandaliwe. Nikashuka cyber mara moja. Nikaandika: "Haron anapanda ngazi."
Komenti hizo! Nimempita Odero! Nikakaa kuzisoma, moja moja. Ya mwisho ilikuwa ya Nanjala: "Nimetoka kuangalia kwa ngazi mara mbili. Sioni mtu."
Amenijibu! Mwenyewe! Nilijikaza kiume.
Nikabofya Like.