Ile ya Pili Ilikuwa Tamu Zaidi

Laini alimwona yule mama kabla mama hajamwona yeye. Angalau ndivyo alivyoamini, na matatizo yake yote yalianzia kwenye imani hiyo.

Mama alikuwa amesimama nje ya duka la simu, paji la uso nusura ligonge kioo, akizitazama hedifoni zilizopangwa ndani. Viatu vya ngozi, pochi ya ngozi, na kwapani boksi lililofungwa kwa karatasi na kamba. Mwenye boksi ana kitu, Laini alijiambia, na mwenye kitu ni rafiki yangu. Akajipangusa mabega, akasogea.

Mama yake mzazi alimpa jina jingine, jina la heshima kabisa. Laini alipewa na mji. Alizungumza taratibu, alinukia vizuri, na hakuwahi kumfokea mtu hata siku anamwibia. Tumpe haki yake hapo.

"Hizo usinunue, dada," alisema, amesimama kando kidogo asimtishe. "Zitakuumiza masikio bure."

Mama akageuka. "Kumbe zinaumiza?"

"Zinabana, zinachoma, na sauti yake ni ya bati. Unamtafutia nani?"

"Mume wangu. Anafanya kazi usiku, kiwanda cha mikate. Mchana halali, maana jirani anaranda mbao kutwa. Juzi kaliamkia kabati, shikamoo, akidhani ni mama yangu."

Laini alisikitika. Kusikitika alikujua vizuri. Aliinamisha kichwa upande mmoja na kuacha kimya kidogo kipite.

"Huyo anahitaji zile zilizofungwa nyuma," alisema. "Akizivaa, kelele za nje zinabaki nje, na muziki wake unabaki ndani. Mimi sina duka, dada yangu. Nina maabara."

Maabara ilikuwa chumba kimoja ghorofa ya tatu, juu ya karakana ya wachomeleaji. Laini alikuwa ameficha magodoro nyuma ya mapazia ili kupunguza kishindo cha nyundo. Kulikuwa na kochi moja, meza, amplifaya ndogo yenye kitufe cha mviringo, na juu ya kigoda, chini ya kitambaa cha mahameli, alikaa Malkia.

Malkia zilikuwa hedifoni za kweli. Vikombe vya mbao, mito ya ngozi laini, na wepesi wa ajabu. Ukizivaa unasahau kama una kichwa. Mhandisi mmoja wa sauti, akiwa safarini, alimwachia Laini amtunzie kwa siku mbili. Bado anamtunzia.

Nyingine zote zilikuwa kwenye gunia chini ya kitanda: hedifoni za bei ya mtumba, zimepakwa rangi ya dhahabu, na ndani ya kila kikombe Laini ametia nati tatu za chuma. Watu huamini kwamba kizito ndicho ghali. Mteja alifumbishwa macho, akavalishwa "za kawaida", kisha akavalishwa "za kifalme". Zote mbili zilikuwa Malkia. Tofauti ni kwamba mara ya pili Laini alizungusha kile kitufe upana wa ukucha, sauti ikapanda kidogo tu, na binadamu tumeumbwa hivyo, kilichopanda tunakiona kitamu. Hakuna mteja aliyewahi kusema hajasikia tofauti. Nani akubali kuitwa sikio la kufa? Mwenye mabasi alitokwa na machozi. Kijana mmoja wa bima, mwenye tai, aliyetaka kumzawadia kaka yake, alisema amesikia mpiga gitaa akipumua. Wote walilipa, na wote waliondoka na nati za chuma ndani ya boksi zuri.

Ila Malkia hakuuzwa. Wachomeleaji wakianza, mwenye nyumba akigonga mlango, Laini alizivaa, akalala chali, na dunia ikaondoka. Alizipenda. Hakuwahi kumwambia mtu, lakini bila Malkia asingekuwa na maabara, wala usingizi.

Mama alikaa kwenye kochi, boksi miguuni.

"Fumba macho," Laini alisema. "Jicho ni shahidi wa uongo. Likiona dhahabu linaliambia sikio lisikie dhahabu."

Akafumba. Laini akamvalisha, akamvua, akafunua na kufunika mahameli ili pasikike kazi, akasogeza kitufe, akamvalisha tena.

"Enhe?"

"Ile ya pili," mama alisema. "Ni tamu zaidi."

"Una sikio, dada. Wengine wanakuja hapa na vipande vya nyama tu pembeni mwa kichwa."

Mama akacheka, kisha akalivuta lile boksi magotini. "Sasa nisaidie jambo moja, kaka. Humu kuna nyingine. Mume wangu alipewa zawadi na mtu anayependa vitu vya bei. Lakini zinamuumiza masikio. Nilitaka unilinganishie na hizi zako."

Ukweli ni kwamba hakuna neno hata moja la uongo katika maelezo hayo, na nitaomba mlikumbuke hilo baadaye.

Laini alipiga hesabu. Zawadi ya tajiri, imeangukia kwenye masikio ya mwoka mikate. Akajilazimisha kutazama dirishani. Tapeli mwenye nidhamu haangalii kitu anachokitaka, maana muuzaji akiyaona macho bei inapanda.

"Naweza kujaribu," alisema kwa uchovu. "Kama huna haraka."

"Basi fumba macho. Si umesema jicho ni shahidi wa uongo?"

Angekataaje mafundisho yake mwenyewe? Alikaa, akafumba.

Mama akamvalisha Malkia. Vidole vyake vilikijua kichwa. Vilipita kwenye panda za uso, vikasukuma utepe mahali pake, na Laini, ambaye hakuwa ameguswa kichwa na mtu tangu utotoni, alilegea kama unga uliotiwa maji. Muziki ukapita. Mzuri, wa kila siku. Mama akamvua. Kamba ikafunguliwa, karatasi ikachakacha. Akavalishwa tena.

Mungu wangu. Wepesi uleule, ulaini uleule, lakini sauti! Ngoma ilikuwa karibu zaidi, mwimbaji alikuwa ameingia chumbani na kufunga mlango. Laini alihisi mboni zikilowa nyuma ya kope. Alikaa humo, ametengwa na dunia, haisikii hata nyundo ya chini, na kichwani akamtengua Malkia ufalme.

Zikavuliwa. Karatasi ikachakacha tena. Alipofumbua macho, mama alikuwa anakaza fundo la mwisho kwenye boksi, na Malkia amekaa kigodani kama kawaida.

"Ipi bora?" mama aliuliza.

Laini akakohoa. "Niseme ukweli? Ile ya pili ni ya kawaida. Ina sauti, ndiyo, lakini haina utulivu. Ndiyo maana inamuumiza shemeji."

"Kweli inamuumiza."

"Nimekuonea huruma. Chukua hizi zangu, niachie hizo. Sitaki hata senti."

"Kaka, utapata hasara."

"Usingizi wa mtu ni thawabu."

Mama akamchukua Malkia, akamfunga kwa mahameli na kumtia kwenye pochi. "Mungu akulipe unachostahili," alisema, na hilo nalo alimaanisha.

Laini alisubiri viatu viishe kwenye ngazi, akalipasua boksi. Ndani mlikuwa na hedifoni za dhahabu. Alipozitikisa, kitu kililia kikombeni, chuma kwa chuma, kwa sauti ambayo mikono yake iliijua. Mito ilinuka dawa ya kuchua.

Wajinga ndio waliwao, na zamu hii mjinga alikuwa na maabara. Lakini Laini hakulia. Akili yake ilikuwa kwingine. Mama amemrudishia takataka yake, sawa. Amemchukua Malkia, sawa pia. Basi ile ya pili iko wapi? Zile tamu kuliko Malkia, zilizomtoa machozi, bado anazo. Anazo mbili! Tamaa ilimnyanyua kochini. Chini ya karatasi iliyopasuka, boksi lilikuwa la dawa ya nywele, limeandikwa kwa kalamu nene jina la saluni na mtaa wake.

Saluni ilikuwa imejaa. Mashine za kukausha nywele zilinguruma, wanawake wawili walibishana kuhusu harusi ya mtu, na yule mama alikuwa katikati, kitana mdomoni, akimsuka mteja aliyefumba macho kwa raha. Nyuma, kwenye benchi refu, mwanamume mkubwa alikuwa amelala mdomo wazi, ndewe zake zimepakwa dawa, na Malkia kichwani.

"Karibu, kaka," mama alisema, akitoa kitana. "Unanyoa?"

"Unanijua."

"Shemeji yangu wa bima alikusifu wiki nzima, hadi na kona unayosimama. Kaka yake akizivaa masikio yanavimba, yeye anasifu mpiga gitaa."

"Sikuja kwa ugomvi," Laini alisema kwa sauti ya chini. "Hata hizo alizovaa, tuseme zimekwenda. Nipe zile nyingine tu."

"Zipi?"

"Zile ulizonivalisha mara ya pili."

Mama alimtazama, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alishangaa kweli. Wabishi wa harusi waligeuza shingo.

"Kaka, ulivaa moja tu. Hizo hizo zako."

"Usinifanye mtoto. Nimesikia tofauti kwa masikio yangu haya."

"Nilizungusha kitufe chako." Akaonyesha kwa kidole gumba, upana wa ukucha. "Kama ulivyonifanyia. Uliniambia nifumbe macho, nikafumba moja."

Mtu mmoja chini ya mashine alicheka puani. Laini aliutazama ukucha wake. Kuibiwa angekuvumilia, ni ajali ya kazini. Kilichomchoma ni kwamba amelizwa machozi na ukucha wake mwenyewe, sawa na yule wa mabasi. Kweli mganga hajigangi.

Akapiga hatua hadi kwenye benchi, akanyoosha mkono.

"Mwamshe," mama alisema kwa upole. "Mwonyeshe risiti, uchukue."

Mkono ukasita. "Sina. Nilipewa nitunze."

"Basi sasa tunamtunzia sisi."

Mwoka mikate aligeuka usingizini, akakikumbatia kikombe kimoja cha mbao kwa kiganja, akatabasamu. Laini alikuwa hajawahi kumwona mteja wake akiwa na furaha baada ya siku ya mauzo. Aliona haya, haya halisi, na hakujua aiweke wapi. Akaurudisha mkono mfukoni, akaaga vizuri, akatoka.

Alipofika kwake, wachomeleaji walikuwa wameanza geti jipya. Alikaa kochini, akavaa zile za dhahabu. Nati zilimbana masikio, sauti ilikuwa ya bati, na kila nyundo ya chini iliingia moja kwa moja. Akavumilia wimbo mzima. Kisha akafumba macho, akapapasa kitufe, akakizungusha upana wa ukucha.

Zikawa tamu kidogo.