Spika Zilizokufa kwa Tamko la Daktari

Daktari hakuwa daktari wa watu, na kwa hilo watu wanapaswa kushukuru. Alitibu redio na spika katika kibanda chake cha mabati, na jina alilipata kwa kipaji kimoja: chombo kilichokata roho mbele ya mwenyewe kilifufuka mara tu Daktari akishakinunua kwa bei ya chuma chakavu.

Juma lile hakuwa na raha. Mama mkwe alikuwa akimwoza mwanawe wa mwisho Jumamosi, na Daktari, kwa kujipendekeza, alikuwa ameutangazia ukoo mzima kwamba muziki ni juu yake. Mama mkwe alicheka tu, kicheko cha mtu ambaye tangu siku ya posa anamwita mkwewe tapeli. Na kweli Daktari alikuwa na vispika viwili tu vya kuitia wateja, ambavyo hata bibi harusi akivipakata asingevisikia.

Ndipo alipopita dukani kwa Mama Chapa, mjane anayewachapia watu barua, akaona spika mbili za kompyuta, kila moja kubwa kama ndoo, zimegeuziwa ukutani. Mate yakamjaa.

"Shikamoo, mama. Hizo zina nini?"

"Marahaba, mwanangu. Taa inawaka, sauti hakuna. Hebu niangalizie, nikuletee maji ya kunywa."

Kwa muda alioyafuata maji hayo, kisima kingechimbwa. Daktari hakulalamika. Aliziunganisha na kompyuta, akachomeka hedifoni zake kwenye tundu la spika, na muziki ukammwagikia masikioni, safi kabisa. Ugonjwa aliujua. Ndani ya tundu kuna kijibati: ukichomeka hedifoni kinasogea, spika zinanyamaza; ukichomoa kinarudi, spika zinaimba. Kikinata, mwenye mali hudhani zimekufa. Dawa yake ni kusafisha tundu, basi.

Mama Chapa aliporudi na glasi, alimkuta mgeni amevaa uso wa msibani.

"Pole sana, mama."

"Zimekufa?"

"Tena zamani. Sema tu hakuna aliyekuwa na moyo wa kukuambia."

"Jamani! Alizinunua marehemu!" Mama Chapa akafuta jicho ambalo halikuwa na chozi. "Basi nitazitupa."

"Usitupe, zina sumu! Nipe mimi nikazizike. Na kwa kuwa wewe ni mama yangu, nakuletea vispika vyangu vizima."

"Vidogo hivyo? Kwa kumbukumbu ya mume wangu?"

Daktari akaongeza hedifoni. Mjane akashusha pumzi. Akaongeza na redio ya kibandani. Mjane akakubali, kwa uchungu mkubwa, na vyote vilipoletwa akamsaidia hata kufunga kamba. Huruma ya namna hii ni adimu sana mjini.

Kibandani alisafisha tundu kwa spiriti, akakinyoosha kijibati. Kimya. Akalichokonoa tundu kwa sindano. Kimya kilekile. Mwishowe akachukua bisibisi, akafungua migongo ya spika, jambo ambalo mjinga yeyote angelianza nalo.

Nyuma ya kitambaa cheusi cha mbele hapakuwa na spika. Kila sanduku lilikuwa na tofali, limefungwa matambara lisicheze. Kilichobaki kizima ni kibao cha umeme chenye taa na tundu la hedifoni. Alikuwa ameuziwa mbuzi kwenye gunia, na aliyelipigia gunia debe ni yeye mwenyewe.

Alirudi dukani akitweta. Vispika vyake vilikuwa juu ya meza vikiimba.

"Mama, umenipiga changa la macho! Zile spika ni matofali!"

"Matofali?" Mama Chapa akaendelea kuchapa. "Mimi nitajulia wapi, mwanangu? Wewe ndiye fundi. Si ulinitamkia mwenyewe kwamba zimekufa? Mimi nikakuamini."

 Daktari angesema nini? Kwamba alijua ni nzima? Akaona aibu, kwa mara ya kwanza katika utu uzima wake. Akashusha sauti.

"Basi nirudishie hata hivyo vidogo. Kesho ni harusi ya shemeji yangu. Mama mkwe atanitafuna."

"Harusi? Hongereni!" Mjane akaacha kuchapa, akamtazama kwa upole. "Nitakukodishia. Ila utaniachia kitambulisho chako, mwanangu. Mji huu umejaa matapeli."