Mpira Usiopiga Hodi Katika Kiwanja cha Mti Mmoja

Tuwan, Kitale
Jumamosi, Juni 1956

Kwa Bwana Tindall,
Katibu wa Klabu ya Gofu ya Mti Mmoja.

Bwana Katibu,

Pokea salamu nyingi kama mvua ya mwezi huu. Mimi sijambo, na mtoto wangu Khaemba hajambo, ila sasa hivi tu, nilipoinama kutafuta wino, ametumbukiza mpira wenu wa gofu ndani ya sufuria ya maharagwe. Nimejaribu kuutoa na mwiko, unateleza. Ukiugusa huku, unaibukia kule. Basi nimeuacha uchemke. Maharagwe yanakaribia kuiva, mpira bado mgumu. Nakuambia mapema ili ukisikia kwa watu usidhani tumeupika kwa ubaya.

Mpira huo hatukuuiba. Ulikuja wenyewe jana. Uliruka ua wa michongoma, ukapita chini ya kamba ya nguo, kuku wakatawanyika, ukatulia mlangoni kama mtu wa nyumbani. Na hapo ndipo shida yangu inapoanzia.

Mimi ni Nekoye, mke wa Wakhungu wa reli. Nyumba yetu ndiyo ile ya bati nyuma ya ua, karibu na shimo lenu la mwisho. Wewe hunijui, lakini mimi nakujua kwa kofia. Jioni ukipita huko nje na mbwa wako, mbwa hatumwoni, ila kofia nyeupe tunaiona inaelea juu ya michongoma, na Khaemba huipungia mkono. Sijasoma sana. Ninasoma darasa la akina mama kanisani, ng'ambo ya kiwanja chenu, kila Jumatano, na njia yetu ya kwenda huko inakatiza katikati ya kiwanja. Mwalimu wetu Wangui ametufundisha kwamba malalamiko huandikwa kwa nambari na kwa heshima, ili mkubwa asipoteze hata moja wala asikasirike kabla ya kufika mwisho. Basi tafadhali usikasirike mpaka nambari ya saba.

1. Mipira yenu haipigi hodi. Kwetu Bumula mtu haingii kwa mwenzake kabla ya kupiga hodi na kuitikiwa karibu. Hata askari wa kodi hupiga hodi. Hata fahali wa jirani, akitaka kuvunja ua, hunguruma kwanza tukamsikia. Mpira wenu unaingia, halafu kelele yenu ndiyo inafuata, kama mtu anayepiga hodi akiwa ameshakaa kitini na chai ameshamaliza.

2. Mkiita ile "Foo!" yenu, hamsemi mnamwita nani wala mnamwitia nini. Nimesikia mabwana wa klabu wananung'unika, ati wanawake wa njia ile ni wakaidi, wakipigiwa kelele wanasimama badala ya kulala chini. Si ukaidi, Bwana. Ni adabu. Kwetu ukiitwa na mtu kutoka mbali unasimama, unatua mzigo, unamgeuzia uso, unaitika, kisha unangoja akwambie neno lake. Anayekimbia akiitwa ni mwizi. Na mimi ni mke wa watu. Nikiwa na mama mkwe wangu siwezi kuitika kabla yake, sembuse kulala chini mbele yake kama mlevi wa sokoni! Kwa hiyo mkipiga ile kelele yenu fupi, mama mkwe anasimama, anatua kikapu, anageuka, anaitika "Ooi!" Akimaliza yeye, naitika mimi. Nikimaliza mimi, tunamwambia mtoto naye aitike, maana ndiyo umri wa kujifunza. Hapo sote tumewaelekezea nyuso, tumenyooka kama watu wanaopigwa picha. Na kinachokuja si neno. Ni mpira.

3. Jumatano iliyopita tulikuwa tunakwenda darasani, mimi, mama mkwe, mtoto mgongoni, na jirani yetu Chepchumba, mtu wa kule mlimani Elgon, amebeba kibuyu cha maziwa ya kuganda cha kumpelekea dada yake aliyejifungua. Nyuma yetu kulikuwa na mzee mmoja wa kijiji kinachoitwa Kwanza anasukuma baiskeli yenye gunia la mahindi. Mkaita. Tukasimama sote. Mzee akavua kofia. Sasa ikawa shida, nani aitike kwanza? Mama mkwe akamwambia mzee, "Itika wewe, baba, wewe ndiye mkubwa." Mzee akasema, "Mimi? Mama, mimi ni kijana, ni jua tu la Kwanza limenichoma." Mama mkwe akasema, "Kijana mwenye mvi puani?" Bado wanasukumiana ukubwa, mpira ukafika, paa! kwenye kibuyu. Maziwa yote yakamwagika juu ya kitambaa cheupe cha mama mkwe, kile cha kanisani.

Chepchumba akauliza, "Wee! Huyu aliyeita, amesema nini?"

Mama mkwe akajipangusa macho. "Si ndiyo haya amesema!"

Wakaja mabwana wawili wanakimbia. Mimi nikafurahi, nikajua wanakuja kutupa pole. Wa kwanza akauliza, "Mpira uko wapi?" Hakuuliza kama tumeumia. Tukamwonyesha, uko kwenye maziwa. Akatuomba tusogee, akapima na macho, akaupiga pale pale ulipolala, maziwa yaliyobaki yakamrukia mzee wa baiskeli. Wa pili alisema pole, lakini aliisema huku anakimbia, na pole ya mbio haishiki.

Bwana, Chepchumba alikuwa amesimama kushoto kwangu, na kile kibuyu kilikuwa karibu sana na mgongo wangu. Mgongoni alikuwa Khaemba. Utosi wake bado laini, akilala unaona unapiga taratibu kama moyo. Sitaandika zaidi hapo.

4. Hii nimeifuta. Ilihusu mahali mpira ulipompiga Ngari, fundi cherehani, mwezi wa tatu. Mama mkwe amesema mke wa mtu haandikii bwana wa watu mahali hapo.

5. Jana mlipigilia tangazo kwenye nguzo. Nilisoma mwenyewe, herufi kwa herufi, Khaemba ananivuta leso, na nilipofika mwisho nilikuwa na furaha sana kwa kuwa nimesoma, mpaka nikakumbuka nilichosoma. Ati kuanzia Jumatatu njia yetu inafungwa kwa seng'enge, kwa usalama wa wapitaji.

Sasa hebu tufikiri pamoja polepole. Ng'ombe wako akiingia shambani kwangu akala mahindi, tunafunga ng'ombe au tunafunga mahindi? Kama anayerusha habaki nyumbani, kwa nini anayerushiwa abaki?

Na nikuambie kwa nini naiomba njia hiyo. Mume wangu yuko Bungoma, kwenye matengenezo ya reli, na ananiandikia. Zamani barua zake nilimpelekea huyo Ngari anisomee. Ngari ni mtu mwema, lakini husoma kama mhubiri, cherehani anaisimamisha kabisa ili watu wasikie vizuri. Siku moja Wakhungu aliandika kwamba usiku akiwa kambini anakumbuka kicheko changu, hapati usingizi. Mama mmoja aliyekuja kupimwa sketi akasema, "Haya, Ngari, rudia hapo." Akarudia! Wiki nzima nikipita Tuwan watu wananiambia, "Nekoye, cheka kidogo bana, tuone kinachomnyima mtu usingizi." Ndiyo nikaingia darasani. Sasa herufi za kitabu nazisoma zote. Lakini Wakhungu anaandika mwandiko wa kuunganisha, herufi zake zimeshikana mikono kama watu wa ngoma, na mwandiko huo tunaanza Jumatano ijayo. Jumatano ijayo, Bwana! Kuzunguka kwa barabara ya Kwanza na mtoto mgongoni, nikifika nitakuta ubao umefutwa. Iko barua moja chini ya mto wangu, ya juzi, sijampelekea Ngari. Naingoja Jumatano.

6. Kwa hiyo njia isifungwe, ila adabu za kuita zitengenezwe. Bwana akitaka kupiga mpira, aweke fimbo chini, aite hivi: "Hodi! Mimi ni Bwana fulani, wa shamba fulani. Hamjambo? Mmeamkaje? Watoto? Mahindi yamefika wapi? Mimi nina mpira hapa, nia yake ni kupita upande wenu." Kisha angoje. Tutaitika kwa umri. Tukishajuliana hali zote na kusema karibu, apige. Nasikia mchezo wenu hauna haraka, mnatembea tu mkizungumza, basi hamtapoteza kitu. Na kama bwana ni mwenye haya au hajui Kiswahili, atangulize mshenga, kama watu wanaokwenda kuposa. Mshenga afike kwetu, akae, anywe uji, aeleze mpira ni wa nani na unatoka nyumba gani, arudi. Mpira wenye mshenga hauwezi kumwumiza mtu.

7. Na mpira ukishampata mtu hata hivyo, basi tumeshakuwa jamaa. Kwetu damu haimwagiki, hata maziwa hayamwagiki, watu wakaachana hivi hivi. Aliyepiga aje kumtazama aliyepigwa, aketi, awaone watoto, na yeye tutamtembelea. Nimehesabu kwa akili yangu, kwa jinsi mabwana wako wanavyopiga, ikifika Krismasi Tuwan yote na klabu yote tutakuwa ukoo mmoja, na ukoo haujengeani seng'enge. Mama mkwe amejitolea kuwafundisha mabwana kuita, Jumamosi asubuhi, bure, na watakaosinzia atawasamehe.

Usiseme haya ni maneno ya karatasi tu. Leo jioni, maharagwe yakiiva, mama mkwe atapiga mpira huu hapa uani kwetu kwa adabu zote, ili tukuandikie kwa uhakika kwamba hodi ikipigwa vizuri mtu haumii kamwe.

Nisalimie Bibi yako, nisalimie mabwana wote wa klabu pamoja na yule wa pole ya mbio, msalimie mpishi wenu anayeimba, na mbwa, ambaye natumaini siku moja tutamwona.

Ni mimi kwa heshima na matumaini,
Nekoye, mama Khaemba,
mke wa Wakhungu wa reli.

Nyongeza: Barua nilikuwa nimeshaikunja, nimeifungua tena. Tumejaribu.

Mpira tuliuopoa, tukaupangusa, tukauweka juu ya gunzi la mahindi. Mama mkwe akashika fimbo yake ya kutembelea, Chepchumba akashika kuku. Hapo hapo kofia yako ikatokea juu ya michongoma. Mama mkwe akasema, "Ona Mungu alivyo! Mwenyewe amekuja kushuhudia." Akaweka fimbo chini, akaita vizuri kabisa: "Hodi, Bwana Katibu! Mimi ni Nasimiyu, mama Wakhungu, wa Bumula. Hujambo? Umeshindaje? Mbwa hajambo?"

Na wewe, Bwana, jameni, ulivyokuwa na adabu! Sikutegemea. Ulisimama. Uligeuka. Ulikuja mpaka kwenye pengo la ua, ukavua kofia, ukatuelekezea uso na tumbo, ukaitika. Ulikuwa unaeleza habari za mbwa, kwamba ana kikohozi, nasi tunasikitika. Mimi nikakuitikia karibu, na Chepchumba akaitikia karibu, na Khaemba akapunga mkono. Mama mkwe akaona masharti yote ya nambari 6 yametimia. Akapiga. Mama wa umri ule, na mkono unaolalamika kila kukinyesha, sijui nguvu alitoa wapi. Mpira ulipita moja kwa moja, bado una moto wa maharagwe, ukakupata pale pale pa nambari 4.

Ulivyojikunja, Bwana, tulijikunja wote kwa huruma.

Basi nimekaa hapa nafikiri. Kumbe hodi haizuii mpira. Kumbe mtu akiitwa vizuri ndiyo anasimama vizuri zaidi. Ungekuwa huna adabu, ungekuwa salama! Afadhali hata ile kelele yenu fupi, maana ile angalau haimwombi mtu habari za mbwa. Kwa hiyo nakuomba ufute nambari 1, na 2, na 6 yote pamoja na mshenga. Nambari 7 nakuachia wewe mwenyewe uone. Tutakuja kukutazama, kama hutaki pia tutaelewa. Ile 5 tu, Bwana, nakusihi, ile 5 usiifute. Tupigieni kelele mtakayo, tutajifunza kulala chini, hata mama mkwe amekubali kulala, mradi nimtandikie leso kwanza. Ila njia iwe wazi Jumatano.

Mama mkwe sasa amejificha jikoni, ananiita kwa sauti ndogo nikafunge mlango. Chepchumba yuko nyuma ya ghala, nasikia anacheka mpaka ghala linatikisika. Wewe umeinuka. Nakuona kupitia dirishani, unakuja polepole, miguu umeitanua, mpira uko mkononi. Unapita kamba ya nguo. Kuku wanatawanyika. Umefika mlangoni na mlango uko wazi kabisa, ungeweza kuingia tu, mwenye haki kama wewe.

Umepiga hodi.

Umepiga hodi, Bwana, na umebaki nje, unangoja. Khaemba ameshakimbilia kofia. Barua hii nakupa mkononi, tafadhali anzia nambari 5, na kama hutajali, kabla hujakwenda kuna mwandiko mmoja wa kuunganisha, sitaki unisomee, nionyeshe tu herufi ya kwanza inaanzia wapi, zilizobaki nitazifuata mweny

Unapiga tena. Ngoja niweke kalamu, nisimame, nikugeuzie uso, niitike kari