Fundi Apandishwe kwenye Bakuli

Siku fundi umeme alipofariki, aliyelia kuliko wote hakuwa mjane wake. Alikuwa Tajiri, bosi wa marehemu, mwenye ekskaveta tatu, zile mashine za kuchimba udongo, zilizoegeshwa uani, mbele ya nyumba ya marehemu. Mjane alilia kimya, kitambaa mdomoni. Tajiri alilia kwa sauti.

"Umeniacha na nani?" alimuuliza marehemu, ambaye kwa mara ya kwanza maishani hakuwa na jibu. "Sensa za mashine zikileta matatizo nimwite nani mimi?"

Waombolezaji waliinamisha vichwa. Mmoja tu aliinua chake. Huyo walimwita Kinanda, kwa sababu ukimgusa tu anatoa sauti. Msibani alikuwa amefuata chakula. Lakini riziki ni kama ajali, huitambui ijapo; Kinanda aliitambua ikiwa bado mlangoni.

"Bosi," alimnong'oneza Tajiri, "marehemu hakuondoka na ujuzi wake. Alinifundisha."

"Wewe?"

"Kwa siri. Si unajua alivyokuwa msiri."

Marehemu hakuwa msiri hata kidogo. Angekueleza, uulize usiulize, kwamba ekskaveta ya siku hizi ina kompyuta, na kompyuta hiyo ni kipofu. Inategemea sensa, vidude vya ukubwa wa kidole gumba, viiambie joto la maji, presha ya mafuta na kasi ya injini. Sensa ikisema uongo, au plagi yake ikilegea, dude zima linagoma kama punda. Hayo angeyaeleza hata kwa mtu aliyekuja kuomba chumvi. Umeme hakuuogopa. Alichoogopa duniani ni kimo. Taa ya sebuleni ikiungua, aliyepanda juu ya kiti ni mkewe. Yeye alikishika kiti kwa mikono miwili, macho ameyafumba.

Basi Kinanda akapata kazi. Na kwa kuwa nyumba ile ilikuwa mali ya Tajiri, ya kukaa fundi wake, Tajiri alimwambia mjane, kwa upole wote, kwamba Kinanda akimaliza majaribio yake, itabidi ampishe.

Kesho yake Kinanda alibisha hodi.

"Pole sana, shemeji."

"Shemeji tangu lini?"

"Tangu moyoni. Naomba ovaroli ya kaka, na ile mita yake ya kupimia umeme."

Mjane akavileta. Kinanda aliipokea mita kwa heshima, akaigeuzageuza, kisha akaweka ncha ya waya mmoja sikioni.

"Inasemaje?" mjane akauliza.

"Inamlilia," Kinanda alisema, akafuta jicho kavu.

Mjane alimtazama akiondoka. Alifunga mlango, akaenda jikoni, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akalia tena, maana wa kumsimulia hakuwepo.

Ujuzi wa Kinanda ulikuwa mmoja. Zamani alipata kibarua cha kuosha mashine, akafukuzwa kabla ya mchana, lakini hakutoka mikono mitupu: alikuwa amejifunza kwamba ukiilegeza plagi fulani nyuma ya injini, injini inazimika, na ukiibana inawaka. Juu ya elimu hiyo akajenga udaktari mzima. Jioni alilegeza. Asubuhi alifika na mita shingoni, akagonga chuma, akaguna, akaomba watu wakae mbali, akabana. Wala hakubana sana. Aliiacha nusunusu, mtetemo wa mashine umalizie kuilegeza, ili mgonjwa asisahau daktari wake.

"Maajabu!" Tajiri alisema. "Marehemu alikuwa anachukua kutwa nzima."

"Marehemu alikuwa anapima, bosi. Mimi nahisi."

Kumbe dirisha la jikoni lilitazama uani. Kila jioni, akiosha vyombo, mjane alimwona daktari akipita nyuma ya mashine bila mita wala tochi, kisha akitoka akipiga mluzi. Angeweza kwenda kushtaki. Lakini maneno ya mjane anayetolewa nyumbani yangeshindana vipi na Kinanda? Alikwenda badala yake kwa dereva wa ekskaveta, wakaongea kidogo, na dereva akaondoka ameuma midomo asicheke.

Siku ya kukabidhi nyumba, Kinanda alikuja na begi lake. Mashine kubwa ilikuwa imetoka kuponywa asubuhi hiyo, inanguruma. Mjane alisimama na funguo mkononi.

"Nampa kwa moyo mweupe," alimwambia Tajiri. "Amalizie tu ile desturi ya marehemu."

"Desturi gani?"

"Hukuwahi kuiona? Kila akitengeneza, alikaa kwenye bakuli la mashine, lile la kuchotea udongo, akanyanyuliwa juu kabisa, akazungushwa. Alisema fundi asiyeamini kazi yake asiwaaminishe wengine."

Dereva alitazama angani kwa bidii.

"Hilo nalikumbuka," Tajiri alisema, maana matajiri hawapendi kuonekana hawajui ya uani kwao. "Panda, fundi."

"Bosi, leo mgongo..."

"Kaka yako alipanda, shemeji," mjane alisema.

Kinanda akapanda. Bakuli likanyanyuka, likapita paa la nyumba, likaenda kusimama juu ya dimbwi la tope la kuoshea mashine. Dereva akalitikisa kidogo, kama mtu anayelaza mtoto. Injini ikakohoa, ikazimika.

Bakuli likabaki hewani.

"Nishusheni!"

"Imegoma," dereva alisema. Injini ikizimika mkono wa mashine bado unaweza kushushwa taratibu, ila dereva hakuona sababu ya kulitaja. "Aliye juu mngoje chini, mama."

"Tutakutafutia fundi," mjane alipaza sauti. "Labda wiki ijayo."

"Plagi!" Kinanda alipiga kelele. "Nyuma ya injini, ile ya rangi ya chungwa! Ibaneni!"

"Umeijuaje bila kupima?" mjane akauliza. "Umehisi?"

"Nimeilegeza mwenyewe! Zote huwa nalegeza mimi! Mama, nakuomba, mimi kimo sikiwezi!"

Kusikia neno hilo, mjane alikumbuka mikono miwili iliyoshika kiti. Kisha akaingia nyuma ya injini na kuibana plagi mpaka ikalia tik, kama alivyomsikia mumewe akifanya miaka yote ambayo yeye mjane alikaa kwenye kabini ya dereva kumgeuzia ufunguo. Mashine ikawaka. Mgonjwa mwingine akashushwa chini, amekumbatia jino la bakuli.

Tajiri alitaka kuita polisi. Mjane akakataa.

"Niachie huyu. Kupima nitapima mimi. Nahitaji mtu wa kukaa kwenye kabini."

Tangu hapo nyumba ina fundi, na fundi hajahama. Mita iko kwake. Anachokijua anakitengeneza, asichokijua anasema hajui, jambo ambalo Tajiri bado hajalizoea. Kinanda hukaa kwenye kabini, mkono kwenye ufunguo. Akisikia "Washa" anawasha, akisikia "Zima" anazima. Na taa ya sebuleni ikiungua, mjane hupanda juu ya kiti, Kinanda akakishika.