Chuo cha Marubani Juu ya Duka la Vigae

Mtu wa kawaida akienda kunyoa hurudi na kichwa chepesi. Bwana mmoja alikwenda kunyoa akarudi na chuo cha urubani.

Siku hiyo hakuwa na cheo chochote, na jambo hilo lilimkera sana, maana alishawahi kuwa mhandisi wa visima, mwakilishi wa wajane na, kwa muda mfupi, daktari wa meno. Vyeo vyote hivyo aliviacha kwa hiari yake mwenyewe, bila kuaga mtu. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha kinyozi, povu kidevuni, macho kwenye televisheni ya ukutani, mtangazaji aliposema kwamba shirika moja la ndege linatafuta vijana wa kufundishwa urubani kuanzia sifuri. Waliitwa makadeti. Watakaofaulu mitihani wangesoma miaka miwili, kisha wapewe kazi.

Kwenye kiti cha pili alikuwapo mwenye duka kubwa la vigae, mtu ambaye mji mzima ulimwita Bwana Vigae na yeye akaona ni sifa.

"Hiyo ndiyo kazi!" alisema Bwana Vigae. "Shemeji yangu kila tukikutana, mwanangu daktari, mwanangu daktari. Wangu akiwa rubani, nitamwambia daktari wako tunampita kwa juu."

"Lakini wamesema kuna mitihani, mzee," kinyozi alimkumbusha. Alimfahamu kijana mwenyewe, na alifahamu kwamba huamka saa nne.

"Mitihani ni ya watu wasio na pesa."

Bwana wetu aliposikia maneno hayo alifumba macho, akashukuru. Kisha akajifuta povu.

"Samahani, mzee wangu. Sikutaka kudakia mazungumzo. Mimi nimestaafu kurusha ndege juzi juzi tu."

"Wewe? Ulirusha ndege gani?"

"Kubwa."

"Kubwa kiasi gani?"

"Ile ambayo wewe wa mbele hujui wa nyuma wamekula nini."

Bwana Vigae alilipia vichwa vyote viwili.

Kutoka hapo bwana wetu alikwenda kwa fundi cherehani aliyekuwa akishona sare za walinzi wa benki. Fundi alimweleza kwamba mistari mitatu begani ni ya mkuu wa walinzi. "Basi niongezee mmoja," akasema, na jioni ile alitoka pale akiwa Kapteni. Tumwite hivyo hivyo, maana hakuna aliyemwita vingine.

Chuo kilifunguliwa katika chumba kilichokuwa juu ya duka la vigae. Kapteni angependa chumba cha chini, kwani tangu azaliwe hajapanda ndege, na hata akisimama juu ya kiti kubadilisha taa magoti humgongana. Ngazi za pale alizipanda taratibu, ameukumbatia ukuta. Wazazi walipomshangaa, aliwaeleza kwamba mtu aliyezoea mawingu hupata shida na ngazi. Wakatikisa vichwa kwa huruma.

Ndani kulikuwa na viti vilivyopangwa kwa safu kama ndani ya ndege, feni moja badala ya injini, na usukani wa lori bovu uliofungwa kwenye meza. Kozi ilikuwa ya wiki sita. Mzazi mmoja alithubutu kuuliza kwa nini lile shirika la kwenye televisheni lifundishe miaka miwili.

"Wale wanafundisha na kutua," Kapteni alijibu. "Sisi tunaanza na kupaa."

Ada ndiyo iliyoonyesha ustadi wake. Mjanja mshamba hupokea pesa akazitia mfukoni, na watu wakaanza kuutazama ule mfuko. Kapteni alimtaka kila mzazi atie dhamana yake kwenye bahasha, aifunge mwenyewe kwa gundi, aandike jina la mwanawe. Bahasha zote zilikaa kwenye begi jeusi la magurudumu, na zingefunguliwa siku ya safari ya kwenda kufundishwa angani. "Pesa yako naibeba, pesa yako siigusi," alikuwa akisema, na wazazi walimwamini kiasi kwamba wengine walirudi kuongeza. Bwana Vigae aliongeza ili mwanawe awe wa kwanza kurushwa. Aliposikia kuna mwenzake ameongeza pia, akaongeza tena. Wajinga ndio waliwao, na hawa walikuwa wanajipakua wenyewe.

Miongoni mwa bahasha hizo ilikuwamo ya Mama Msusi, na hiyo haikuwa ya majivuno. Mama Msusi alikuwa na saluni ndogo mtaa wa nyuma. Binti yake alikuwa amefaulu mitihani yote ya lile shirika la kweli la kwenye televisheni, na shirika lilimpigia simu kwamba nafasi ni yake, mradi dhamana ilipwe benki kabla ya Jumamosi fulani saa sita mchana. Mama alikuwa ameuza mashine zake za kukaushia nywele ili kuipata. Halafu akasikia habari za wiki sita, na pesa ile ile akampelekea Kapteni.

"Mama, yule ni tapeli!" binti alilia.

"Shika adabu yako. Wale wamekupigia simu tu. Huyu tumemwona kwa macho, na mistari yake minne."

Binti alikwenda polisi. Askari wa zamu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama nafasi bado zipo, ana mpwa wake. Basi hakubakiwa na njia isipokuwa kuingia darasani, akakaa kiti cha mbele, karibu na begi.

Sasa, ukifungua chuo cha uongo, tatizo si kupata wanafunzi. Tatizo ni kwamba wanakuja kila siku na wanataka kufundishwa. Kapteni alifundisha kutembea na begi. Alifundisha kuvaa kofia. Maarifa yakamwishia siku ya pili, ikabidi aanze kusoma simu yake chini ya meza, na huko ndiko alikokutana na ile kanuni.

"Makadeti," alitangaza, "ndege nyingi zimeanguka kwa sababu rubani msaidizi aliona kapteni anakosea akanyamaza kwa heshima. Angani hakuna mzee! Ukiona kosa, mara ya kwanza unasema kwa adabu. Mara ya pili unalitaja kosa lenyewe. Mara ya tatu unasema: Kapteni, nachukua usukani. Na kapteni, awe nani awaye, anainua mikono juu na kujibu: Usukani wako. Ukishauchukua, humrudishii mpaka ndege itue salama."

Mungu amrehemu aliyeandika kanuni ile, maana ilikula wiki tatu nzima. Vijana waliochoka kuambiwa nyamaza tangu wazaliwe waliipenda kupita kiasi. Wakaenda nayo makwao. Bwana Vigae alipanda ngazi siku moja akihema kwa hasira.

"Kapteni, mwanangu amenipinga mezani! Ananiambia baba, kwa heshima, naona hiyo ni nyama ya pili. Nikanyamaza. Akasema baba, presha yako. Nikamtazama. Akasema nachukua usukani, akaondoka na bakuli!"

"Na wewe ulifanyaje?"

"Ningefanyaje? Mama yake alipiga makofi."

"Hongera, mzee. Huyo ni rubani."

Bwana Vigae alifikiri kidogo, hasira ikageuka fahari, akaongeza bahasha nyingine. Kijana mwenyewe wakati huo alikuwa amelala kiti cha nyuma, kofia usoni, kama alivyolala tangu kozi ianze.

Siku moja binti wa msusi alisimama. "Kapteni, kwa heshima, tangu tuanze hatujaona ndege, hata ya kuchora."

"Mnaona?" Kapteni alishangilia, kwapa zikimlowa. "Hiyo ndiyo mara ya kwanza. Adabu, utulivu. Alama zote!"

Mara ya pili alimkuta kwenye ngazi, Kapteni ameushikilia ukuta kwa mikono miwili na hana pa kukimbilia.

"Kapteni, kosa lenyewe ni hili. Unayo bahasha ya mama yangu. Jumamosi saa sita nafasi yangu anapewa mtu mwingine. Nirudishie, tafadhali."

"Binti yangu, bahasha ikishaingia kwenye begi imeingia kwenye mfumo."

"Mfumo gani?"

"Ndio huo sasa."

Binti alilia pale pale, bila kujificha. Alilia kwa uchungu wa mtu aliyesoma kwa mwanga wa saluni baada ya wateja kuondoka, akafaulu, na sasa anashindwa na mtu asiyeweza kushuka ngazi. Kapteni aliona vibaya. Tumpe haki yake, aliona vibaya kweli. Hali hiyo ilimtoka kabla hajafika chini.

Jumamosi hiyo hiyo ndiyo aliyopanga kutoweka. Asubuhi wazazi walijaa chumbani wakiwa wamevalia nguo zao za harusi, kwa sababu Kapteni alikuwa amewaambia ni siku ya kuwaaga makadeti. Mpango wenyewe ulikuwa rahisi. Angesema maneno machache, atangulie na begi uwanja wa ndege kuandaa ndege, na basi lije kuwachukua wengine. Basi hilo lingechelewa maisha yao yote.

"Wazazi wapendwa," alianza, mkono kwenye begi, "leo wanenu wanaiaga ardhi..."

Binti wa msusi akasimama.

"Kapteni, nilikwambia kwa adabu. Nikakutajia kosa. Hii ni mara ya tatu. Hakuna ndege, hakuna uwanja, na wewe hujawahi kurusha hata tiara. Nachukua usukani."

Kapteni alitazama nyuso za kina baba, akaupima umbali wa mlango, akazikumbuka ngazi. Lakini mtu asiyejua meno hawi daktari wa meno bila kuwa na wepesi wa ulimi. Akacheka, akainua mikono juu.

"Usukani wako! Wazazi, makofi tafadhali! Huo ndio mtihani wa mwisho. Kumkabili kapteni mbele ya watu, bila woga, hata kwa kumsingizia utapeli. Amefaulu!"

Makofi yalipigwa mpaka vumbi la vigae likapanda kutoka chini. Katikati ya makofi hayo binti alifungua begi, akatoa bahasha ya mama yake, akamshika mama mkono, wakateremka ngazi. Kapteni alimwacha. Bahasha moja kati ya zote, na tena nyembamba, ilikuwa bei nzuri ya kununua shingo yake. Hata alijisifu kimoyomoyo.

"Kapteni!" Bwana Vigae alikuwa amesimama. "Na wangu je?"

"Wako nini, mzee?"

"Mtihani! Mtoto wa msusi atahiniwe, wangu aachwe? Mimi nimelipa mara nne!"

"Muda hautoshi, mzee wangu, ndege..."

"Ndege itasubiri!" walipaza sauti wazazi wote, na kina mama wakaanza kuwasukuma watoto wao wapange foleni.

Basi wakapanga. Wa kwanza akaja, akasema Kapteni ni mwongo, nachukua usukani, akatoa bahasha yenye jina lake kama alivyomwona mwenzake akifanya. Kapteni akainua mikono. "Usukani wako." Makofi. Wa pili akaja, akasema Kapteni ni mwizi. Makofi zaidi. Wa tatu alisahau maneno kwa woga, na Kapteni akapata matumaini.

"Umefeli, kaa chini."

"Hafeli mtu hapa!" mama wa kijana aliruka. "Sema, mwanangu! Sema baba ni tapeli!"

"Si mimi, ni huyu," baba alisahihisha.

Kijana akasema, akachukua. Walipofika katikati, mikono ya Kapteni ilikuwa inauma kwa kuinuliwa, na begi lilianza kuonyesha kitambaa cha ndani. Jasho likimtiririka, akapata wazo.

"Vizuri sana. Sasa makadeti, kila mmoja arudishe bahasha begini."

"Kapteni, kwa heshima," alijibu wa kwanza, "ulitufundisha haturudishi mpaka ndege itue."

Wazazi walishangilia kwa nguvu kuliko mara zote. Baba mmoja alimwambia jirani yake kwamba hakuwahi kuona ada iliyotumika vizuri namna hii, huku akiitia bahasha ndani ya koti.

Wa mwisho alikuwa kijana wa Vigae. Alipiga miayo, akaja taratibu, akainama sikioni kwa Kapteni badala ya kupaza sauti.

"Mimi nilijua tangu siku ya kwanza," alinong'ona. "Ila nyumbani baba haniachi nilale. Nachukua usukani."

Akatoa bahasha za baba yake zote, moja baada ya nyingine, zile nene, akazipanga vizuri mikononi, akashuka ngazi. Baba yake alipiga makofi mpaka viganja vikawa vyekundu.

Kapteni alijikokota hadi dirishani, akasahau hata kuogopa kimo. Mtaani chini binti wa msusi alikuwa anakimbia kuelekea benki, anamvuta mama yake, na sauti ya mama ilifika hadi juu: "Ungesubiri basi wakupe cheti!" Saa ya ukutani ya benki ilikuwa bado haijafika sita. Upande wa pili wa barabara, kijana wa Vigae alikuwa anapanda pikipiki ya abiria, bahasha kifuani, na hakutazama nyuma.

Wazazi wengine walishaondoka kusherehekea, wameisahau hata ndege, kila mmoja na rubani wake. Chumbani alibaki Bwana Vigae peke yake.

"Mwanangu amekwenda wapi na bahasha zangu?"

Kapteni alitazama mlango, akamtazama aliyesimama mlangoni. Akavuta pumzi, akanyoosha kofia yake.

"Mzee wangu, tunaomba radhi. Kuna kuchelewa kidogo."

"Hakuna neno," alisema Bwana Vigae. Akafunga mlango kwa ufunguo, akavuta kiti, akakaa naye kusubiri.