Mtambo wa Kuwakomesha Matapeli

Jumatatu, 7 Julai 2025. Mafinga
Saba Saba. Baridi ya kukata masikio. Karakana nimefunga. Siku ya sita nasubiri jibu la barua ya posa kutoka Ilula, kwa kina Benedicta. Simu ikilia, moyo unaruka. Naikimbilia. Matapeli! Mmoja ananipongeza nimeshinda pikipiki. Mwingine anajiita mganga. Leo tu wametuma mara kumi na moja. Nimechoka kurushwa roho na wezi.

Jumanne, 8 Julai
Dawa imepatikana. Nimepakua programu inayojibu yenyewe. Namba yoyote nisiyoihifadhi ikituma ujumbe, inajibiwa papo hapo: "Tapeli mkubwa wewe. Tafuta kazi. Picha yako iko polisi." Maneno nimetunga mwenyewe. Ezron, jirani yangu wa karakana, kaniuliza kama namba za ukoo wa Benedicta ninazo zote. Wivu huo. Ninayo ya Benedicta, ninayo ya mshenga wangu Mzee Yotamu. Jibu la posa hupitia kwa mshenga, kila mtu anajua. Ezron ajue kupiga randa tu.

Jumatano, 9 Julai
Mtambo unafanya kazi! Matapeli tisa wamechapwa. Kuna mmoja king'ang'anizi. Saa nne kaandika: "Hongera kijana. Ombi lako limekubaliwa. Fika Jumamosi na wenzako, usichelewe." Ombi gani? Sijaomba mkopo popote. Akajibiwa. Akarudi, eti huenda sijamwelewa. Akajibiwa tena. Mara ya tatu katuma picha: wazee watano kwenye viti vya plastiki, nyuma yao matenga ya nyanya. Siku hizi matapeli wana kamati! Mtambo ukamwambia picha yake iko polisi. Nimecheka mpaka randa ikanitoka mkononi.

Ijumaa, 11 Julai
Mzee Yotamu kaja asubuhi. Kakataa kiti. Simu yake huizima kutunza chaji, kaja kuiwasha jana jioni. Akaniambia taratibu, "Mwanangu, yule tapeli wako ni baba mdogo wa Benedicta."

Baba mdogo alimtafuta mshenga Jumanne kutwa nzima bila kumpata. Furaha ikamshinda, akachukua namba yangu kwenye barua, akaniandikia mwenyewe. Wale wazee wa picha ndio ukoo. Sasa wanataka kuirudisha barua. Nimekaa chini kwenye maranda. Nampenda Benedicta jamani! Nimempigia. Kaniuliza baba yake mdogo kaiba nini mpaka picha yake iende polisi. Kakata.

Jumamosi, 12 Julai. Ilula
Nimepiga magoti mbele ya viti vilevile vya plastiki. Baba mdogo, Mzee Aroni, kausoma ujumbe wangu kwa sauti mara tatu, kama alivyoupokea. Nikatamani ardhi ipasuke. Kwenye "tafuta kazi" shangazi mmoja akashindwa kujizuia, akacheka. Wote wakafuata. Hukumu: faini ya beberu mmoja na blanketi la Mzee Aroni. Posa inaendelea! Benedicta kanitazama kwa jicho la pembeni, lakini anatabasamu. Nimeapa mbele ya ukoo kuufuta mtambo.

Jumatatu, 14 Julai. Mafinga
Kuufuta kabisa ni hasara. Nimeurekebisha tu. Sasa kila namba ngeni inajibiwa kwa adabu: "Shikamoo baba. Nampenda sana binti yenu. Faini naileta." Kufikia mchana wamejibiwa kumi na wanne. Yule mganga kaitikia marahaba, anauliza beberu anafika lini. Ezron kaniuliza itakuwaje Benedicta akibadilisha laini. Wivu tena.

Saa kumi, namba ngeni: "Kalinga, hii ndiyo laini yangu mpya. Benedicta." Mtambo ukajibu kabla sijanawa gundi mikononi. Dakika moja baadaye anauliza: "Binti wa nani huyo unayempenda?"

Nisimpigie kwanza. Natengeneza mtambo wa kuomba msamaha. Kesho utakuwa tayari.