Winchi Isiyo na Jina

Alhamisi, 3 Oktoba

Limesimama! Lori langu, magurudumu kumi, na juu yake winchi inayozunguka duara zima. Hakuna la pili kutoka Mogadisho hadi Lamu. Nimewauliza wavuvi wanaotembea kotekote. Wamesema kweli hawajaliona, tena hawajui la nini.

La nini! La kuinua malori ya samaki yanayopinduka njia ya Gobweni. La kuinua makontena. La kuniinua mimi, Husein, fundi mashua niliyechoka kuitwa fundi mashua.

Lori lenyewe nililikuta mchangani nyuma ya machinjio, limeachwa na jeshi ambalo hakuna anayekumbuka lilikuwa la nani. Kaa walishahamia kwenye giaboksi. Mkono wake wa kuvutia ulikuwa mfupi na haukugeuka. Nikaenda kwenye meli iliyovunjikia mwambani karibu na Ngumi, nikakata lile duara la chuma lililozungusha winchi yake, nikalivuta likielea mpaka Kismayo juu ya mapipa matupu. Abdulqadir, fundi wa kuchomelea, amelihangaikia siku kumi na saba. Sikio lake moja halisikii. Nikimharakisha hunigeuzia hilo.

Grisi sikupata. Shangazi Mwanahija akanipa debe la sifa, yale mafuta ya papa tunayopaka mashua. Nimepaka duara, waya, kulabu na kila kinachosuguana. Mtaa mzima unanuka. Jaafar, mwenye kile kigari cha kuvutia vigari wenzake, amepita ameziba pua. Kijicho tu.

Ubavuni nimeacha nafasi ya jina. Bakri, tajiri wa samaki, alitoa matairi, nami nikamwahidi kwamba winchi itaitwa Bakri. Idris, jirani yangu, alitoa dizeli, nikamwahidi itaitwa Idris. Shangazi naye kwa lile debe. Nitatafuta njia.

Mke wangu Mwanapili hakutoka kuitazama. Amesema ataiona tu, maana uani hakuna kingine kinachoonekana.

Jumamosi, 5 Oktoba

Jambo dogo. Naliandika kwa sababu ya usahihi.

Baada ya adhuhuri, mji mzima umelala, jua limekaa utosini, nikasikia mlio uani. Mlio wa mlango mzito. Nikatoka. Mkono wa winchi niliuacha umeelekea baharini. Sasa ulikuwa umeelekea nyumba ya Fathiya, muuza mahamri. Injini imezimwa. Betri nimeificha chini ya kitanda changu, Jaafar asiiibe.

Waya ulikuwa umekazika wote, na kulabu imetulia hewani, wala haiyumbi. Haikushika kitu. Nikaugusa waya. Umerowa maji ya chumvi. Mvua hatujaiona tangu Agosti.

Nimemwita Abdulqadir. Amezunguka mara mbili, kisha amesema ni mteremko. Tumetia mawe chini ya magurudumu. Ni mteremko.

Jumatatu, 7 Oktoba

Kaka yake Fathiya amerudi.

Alitoka kwenda kununua mkaa mwaka ule vita vilipoanza. Alikuwa kijana wa miaka kumi na minane. Leo saa sita mchana amepanda kutoka ufukweni, mzee wa mvi, shati limemganda mwilini kwa maji, akauliza kama bado mkaa unahitajika. Fathiya alianguka palepale mlangoni. Mtaa wote umelia. Nami nimelia, kidogo.

Amesema alikuwa kwenye foleni ya maji, kambini Kenya, akahisi kitu kimempita chini ya makwapa, kimemnyanyua mpaka akabaki kwa vidole vya miguu tu. Akaanza kutembea. Mpaka haukumbuki. Mashua haikumbuki. Hapo alipokaa alikuwa akijisugua makwapa, na sote tukaona alama, nyekundu, nyembamba, upana wa waya.

Wengine walisoma aya. Mimi nilifikiri. Kila nyumba hapa ina mtu wake aliyepotea, na winchi ninayo mimi!

Jumatano, 9 Oktoba

Jana nilitangaza. Kufika alasiri nilishalipwa nguru wawili, beberu mmoja na jogoo mkali. Watu wamekaa ukutani kwangu, kila mmoja na picha mkononi. Nimezungusha mkono wa winchi kwa zamu, kila nyumba nayo itazamwe kidogo. Wanashukuru kwa sauti ya chini kama walio msibani. Sikupenda jinsi walivyonitazama.

Lakini adhuhuri winchi haisikii la mtu. Leo iligeuka yenyewe mbele ya watu thelathini, polepole, ikasimama kwa Bakri. Hata jogoo alinyamaza.

Baada ya saa moja akatokea mshirika wake wa zamani, ambaye Bakri alimsomea hitima miaka sita iliyopita kisha akaichukua ghala yake ya barafu. Alikuwa Ulaya. Amekuja na koti zito la baridi katika jua hili, linachuruzika maji. Hakugombana wala hakusalimia. Amekwenda moja kwa moja ghalani, akakaa juu ya kiti chake.

Bakri anataka matairi yake.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nina akili, Mungu ashukuriwe. Mama mkwe wake Jaafar alipotea Mombasa mwaka juzi, na Jaafar hakuwahi hata kuuliza kituo cha basi. Basi nimeielekeza winchi kwake mapema, nikaikazia kwa gogo la mkoko. Adhuhuri haikusogea. Nilijificha nyuma ya tangi nikicheka peke yangu.

Bibi amefika saa nane, amerowa chapachapa. Ameuliza nani mwenye kigari hiki na kwa nini kimelala. Amepanda mbele, akamwamuru Jaafar awashe. Kabla ya magharibi walikuwa wamevuta malori mawili na basi, na madereva wanamwogopa kiasi kwamba wanakuja wenyewe kabla ya kuharibikiwa. Jaafar ananipungia mkono kila anapopita.

Mimi na winchi ya tani arobaini hatujainua hata baiskeli.

Ijumaa, 11 Oktoba

Baada ya sala nimeikuta winchi imegeuka shubiri tatu. Nimeangalia inakokwenda. Kwa Fathiya ilishapita. Kwa jirani Zainab ilishapita. Kilichobaki upande ule ni nyumba yangu.

Hili sijawahi kuliandika. Mwanapili alikuwa mke wa Shuaibu. Shuaibu alitoka kisiwani Chovai na mashua ya injini miaka tisa iliyopita, na hakuonekana yeye wala ubao. Alingojwa miaka minne, kadhi akahukumu, eda ikakaliwa, nami nikaoa. Kila kitu kwa sheria. Karatasi ninayo.

Nimekimbia kwa shangazi. Alikuwa akichambua mchele, hakuinua kichwa.

"Chombo ukikipaka sifa, kinajua ni chombo," akasema. "Na chombo hakina ina, mwanangu, kitamwita mchu yeyote. Kipe ina."

Nikamwuliza jina lipi. Akasema nilimwahidi la kwake. Nikamwambia nitafikiri.

Naogopa. Nimeliandika, basi. Naogopa.

Jumapili, 13 Oktoba

Shubiri mbili tu zimebaki. Jana niliufunga mkono kwa mnyororo wa nanga, ncha ya pili kwenye fuawe ya Abdulqadir. Leo mnyororo nimeukuta umekunjwa vizuri juu ya kiti cha dereva, vile mabaharia wanavyokunja, nao umerowa. Abdulqadir amechukua fuawe yake akaenda nayo nyumbani. Amesema huu si mteremko.

Watu hawakai tena ukutani. Wamechukua picha zao. Beberu naye wamemchukua.

Chakula cha mchana Mwanapili amepakua sahani tatu. Nimemwuliza ya tatu ya nani. Ameitazama kana kwamba ameiona sasa, kisha akaifunika kawa, akaiacha pale. Kikoi cha Shuaibu, ambacho sikujua kama kipo, kimeanikwa kwenye kamba.

Nampenda huyu mwanamke. Sijawahi kumwambia kwa sababu ya shughuli za winchi.

Jumanne, 15 Oktoba

Nimepata ufumbuzi, tena mmoja kwa shida zote!

Nimenunua rangi nyekundu, nikaandika ubavuni kwa herufi za urefu wa mkono: MWANAPILI. Jina limepatikana, mke amefurahi, na katika niliowaahidi hakuna aliyependelewa. Nilipomaliza herufi ya mwisho mkono uliacha kuielekea nyumba yangu, ukarudi taratibu mpaka baharini, ukatulia. Waya ukalegea. Niliruka. Nilimkumbatia Abdulqadir upande wa sikio baya.

Bakri amekuja kugomba. Idris amekuja kudai dizeli yake, na kwa kuwa imo ndani ya tangi, amekuja na mpira wa kuinyonyea. Shangazi hakuja. Ametuma tu neno kwamba mimi ni mjinga, na kwamba jina la mtu aliye hai na mwenye kidonda haliandikwi juu ya chombo.

Mwanapili ametoka kuitazama, mara ya kwanza. Amesimama muda mrefu. Ameweka kiganja juu ya jina lake, rangi ikiwa bado mbichi.

"Sasa inajua inamtafutia nani," akasema.

Nikamwambia asiharibu rangi.

Alhamisi, 17 Oktoba

Saa sita mchana. Kivuli changu kilikuwa chini ya nyayo zangu. Mkono wa winchi haukugeuka. Uliinama tu kuelekea maji, waya ukakazika, mshale wa kipimo cha uzito ukaondoka kwenye sifuri ukapanda kidogo. Uzito wa mtu mmoja. Duara lote lilikuwa likilia, na harufu ya sifa ilikuwa kali hata macho yakanitoka machozi.

Akaja akitembea kwenye mchanga unaounguza, bila viatu, bila haraka. Mwembamba. Maji yalimdondoka kwenye vidole, na kila alipokanyaga palibaki na unyevu. Alikuwa akijisugua makwapa.

"Nilivutwa," Shuaibu akasema. Akaniuliza mimi nani.

Nikamwambia mimi ndiye mwenye winchi. Sikuona pengine pa kuanzia.

Mwanapili hakupiga kelele. Alimtolea sahani ya tatu ya leo, iliyofunikwa kawa, akamtazama akila mpaka punje ya mwisho, kisha akaingia ndani akafunga mlango. Nimemsikia analia nyuma ya mlango na sikujua kama nina haki ya kugonga.

Kadhi amesema jambo hili ni zito, mpaka afungue vitabu. Kwa sasa sote wawili tukae mbali na Mwanapili. Huenda Shuaibu akapewa hiari: amchukue mkewe, au arudishiwe mahari aniachie mimi. Usiku tutalala chini ya lori, yeye upande wa magurudumu ya mbele, mimi wa nyuma.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nilikuwa nimepanga vizuri. Nalisema hili kwa kujitetea.

Asubuhi nilimwambia Shuaibu kwamba mahari ni kitu kidogo kwa mwanamume aliyeteseka hivyo. Nikampa bora zaidi. Achukue winchi yote, na lori lake, na mimi nibaki na mke. Alifikiri. Akazunguka lori. Akaniuliza inainua tani ngapi. Nikamwambia arobaini. Akaniuliza betri ni mpya? Nikasema ya mwaka jana. Akapiga tairi teke akasema tairi za Bakri hazidumu, kwa hiyo niongeze na nguru mmoja kila Ijumaa. Nikasema kila mwezi. Akasema kila wiki mbili. Tukanyoosheana mikono.

Mwanapili alikuwa amesimama mlangoni, na furushi la nguo kichwani. Sijui alianza kusikia wapi. Nadhani tangu tani.

"Mimi si gari lililokwama," akasema.

Hakupaza sauti. Akatuambia kwamba mmoja wetu aliwahi kutoka bila kuaga vizuri, na mwingine aliingia bila kuuliza vizuri, na katika miaka tisa hakuna mtu aliyemwuliza yeye alitaka nini. Anakwenda Chovai kwa mama yake. Kadhi akishafungua vitabu vyake amfuate huko, na ajue kwamba naye ana la kusema. Shuaibu alitaka kumsaidia mzigo. Mwanapili alimtazama tu, naye akaurudisha mkono wake nyuma.

Mashua imeondoka kabla ya alasiri. Hakugeuka. Nimesimama ufukweni mpaka nisione kitu, na moyo umeniuma mahali ambapo sikujua pana kitu cha kuuma. Shuaibu alikuwa kando yangu. Tumelia sote wawili, tumeazimana leso moja.

Jumapili, 20 Oktoba

Adhuhuri winchi iligeuka, ikapita nyumba zote bila kusita, ikaelekea kusini. Chovai! Mimi na Shuaibu tukasimama. Waya ukakazika. Mshale ukatetemeka. Tukangoja. Ufukwe ulikuwa mweupe na mtupu, hata kunguru hawakuwapo, na tulikuwa tukisikia maji yakidondoka kutoka kwenye kulabu.

Kisha mshale ukalala kwenye sifuri, na waya ukaning'inia. Nikaugusa. Mkavu.

Abdulqadir alikuwa akitazama kutoka ng'ambo ya njia. Hakutaka kukaribia.

"Warya Husein," akaniita, "aliyepotea ndiye huvutwa. Huyo mama hajapotea. Anajua alipo."

Akaingia kwake akakomea.

Nimelifikiri sana neno lake, mpaka magharibi, na nimeona kosa liko wapi. Abdulqadir ni fundi wa kuchomelea, hajui hesabu za masafa. Mkono ni mfupi. Shuaibu naye ameupima kwa hatua, amekubaliana nami kabisa. Kule bandarini kuna mlingoti wa taa ulioanguka, mita tisa, chuma kizuri, hauna mwenyewe. Tukiuunga kesho na kuupaka sifa vizuri, utafika Chovai bila wasiwasi.